Siku ya Tatu Mpe Jembe: Hotuba kwa Waswahili wa Toronto kuhusu Insulini ya Mara Moja kwa Wiki

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, assalaam alaykum. Wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Na nyinyi watoto mlioko kule nyuma, shikamoo zenu nimezisikia, marahaba.

Nimeombwa niseme juu ya sindano mpya ya ugonjwa wa sukari, ile inayochomwa mara moja kwa wiki. Mimi ni muuguzi. Kwa miaka 12 kazi yangu hapa mjini ni kukaa na wagonjwa wa sukari, mmoja mmoja, kuwaonyesha namna ya kupima, kuchoma na kupanga chakula. Siandiki dawa; hiyo ni kazi ya daktari. Ila mimi ndiye ninayebaki chumbani daktari akishatoka, na hapo ndipo mtu huniuliza lile aliloona haya kumwuliza daktari. Mengi ya leo yametoka kwenye maswali hayo.

Kwanza tukumbuke tupo wapi. Wengi wenu hupita mtaa wa College mkienda kazini. Ni pale, katika Chuo Kikuu cha Toronto, kiangazi cha mwaka 1921, Frederick Banting na kijana aliyemsaidia, Charles Best, walipotoa insulini kwenye kongosho za mbwa, katika maabara ya Profesa Macleod. Januari 1922, hospitalini pale jirani, alichomwa mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyebaki mifupa na ngozi. Sindano ya kwanza haikumfaa, dawa ilikuwa bado chafu. Mkemia James Collip akaisafisha, na baada ya siku 12 mtoto akachomwa tena, sukari ikashuka, akainuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, mtoto wa kisukari tiba yake ilikuwa njaa: alilishwa kidogo mno ili apate miezi michache ya kuishi. Wenye ugunduzi wakauza hati ya haki yao kwa chuo kwa dola moja moja, dawa isije ikawa mali ya mtu mmoja.

Mwaka huohuo wa 1922 alikuja hapa mwanasayansi wa Denmark, August Krogh. Mkewe Marie alikuwa daktari, na huyo Marie ndiye aliyekuwa na kisukari. Wakarudi kwao na ruhusa ya kuitengeneza insulini. Kampuni iliyozaliwa kutokana na safari ile leo inaitwa Novo Nordisk, na ndiyo iliyotengeneza hii insulini ya wiki. Jina lake la kitaalamu ni aikodeki, na kwenye boksi imeandikwa Awiqli. Kanada iliipitisha Machi 2024, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwezi Mei. Kwa hiyo dawa iliyotoka mji huu imerudi mji huu baada ya miaka mia na ushee, ikiwa na sura nyingine. Mimi jambo hilo hunigusa kila ninapoifungua kalamu yake, kile kifaa cha kuchomea chenye dawa ndani.

Niwape kisa cha nyumbani. Baba yangu, Allah amrehemu, alipata sukari kule Tanga akiwa na miaka hamsini na kitu. Daktari alimwambia mapema kwamba vidonge vimeshindwa, aanze insulini. Akakataa miaka minne. Hakuwa mkaidi. Mtaani kwetu insulini ilikuwa na jina lake, waliiita sindano ya kuagia. Watu walimwona fulani kaanzishwa insulini, miezi sita baadaye kazikwa, basi wakajumlisha. Hawakujua kwamba fulani alianzishwa figo zikiwa zimeshachakaa. Baba alipokubali, kidole cha mguu kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

Baada ya hapo alichoma asubuhi na jioni. Chupa yake tuliiweka kwenye chungu kilichokaa ndani ya mchanga uliolowa, maana umeme ulikuwa wa leo upo kesho haupo. Sindano mbili kwa siku ni sindano 730 kwa mwaka. Akienda harusini Pangani anaiacha nyumbani, anaona haya kujifunua tumbo mbele za wakwe. Akirudi sukari iko juu, na sisi watoto tunamgombeza. Tulimgombeza mno. Leo nikimsikia mtu anasema, "sindano moja kwa siku, kwani ina shida gani?", namkumbuka baba yangu akiutafuta ukuta wa kujificha nyuma yake. Sindano 52 kwa mwaka badala ya 365, au badala ya 730, si anasa. Kwa mtu mwingine ndiyo tofauti ya kutumia dawa na kutoitumia.

Sasa nisafishe jambo moja linalochanganya watu. Kuna sindano nyingine ya mara moja kwa wiki mnayoisikia kila kona, Ozempic. Ile si insulini. Ile huisaidia kongosho itoe insulini yake yenyewe sukari inapopanda, hupunguza hamu ya kula, na watu hupungua uzito. Hii ya leo ni insulini kamili, na insulini ikizidi mwilini huangusha sukari mpaka mtu akazimia. Niliingia nyumba moja nikakuta mume anatumia hii, mke anatumia ile, kalamu zote mbili zimelala pamoja kwenye mlango wa friji. Niliwaomba wazitenganishe tukiwa tumesimama palepale: moja droo ya juu, nyingine droo ya chini, kila moja na jina la mwenyewe kwa wino mzito. Na mtu yeyote asije akaichoma hii kwa ajili ya kupunguza tumbo. Nawaomba sana.

Inakaaje wiki nzima? Insulini inayotolewa na kongosho ikiingia kwenye damu haikawii, dakika chache nusu yake imeshaondoka. Wataalamu walibadilisha vipande vitatu vya mnyororo wake ili mwili usiivunje upesi, kisha wakaifunga mkia wa mafuta. Mkia ule hunasa kwenye albumini, protini iliyojaa kwenye damu ya kila mtu. Fikirini daladala iliyojaa abiria, kila mmoja ameshika bomba. Hawashuki wote kituo kimoja. Huyu hapa, yule pale, wiki nzima. Anayeshuka ndiye anayefanya kazi. Aliyeshika bomba bado amepumzika. Na baada ya siku kama nane, nusu ya abiria bado wamo ndani.

Hapo pana jambo la kushika. Ukichoma ya wiki ya pili, ya kwanza haijaisha. Ya tatu inakuta mabaki ya zote mbili. Huchukua wiki tatu au nne kiwango kutulia mwilini. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili akihama kutoka insulini ya kila siku, siku ile ya kwanza tu huongezewa nusu. Tuseme mtu alikuwa anachoma uniti 20 kila siku. Mara saba ni 140. Sindano ya kwanza daktari anaweza kumwandikia 210, halafu kuanzia wiki ya pili 140. Kosa linaingia hapo: mtu anabandika namba 210 kwenye friji na kuendelea nayo. Ukiandikiwa namba mbili, mwombe mfamasia aandike tarehe mbele ya kila moja. Usiondoke dirishani bila tarehe.

Namba zenyewe zinatisha, najua. Asiyewahi kutumia insulini kwa kawaida huanzishwa uniti 70, na wazee hunitazama kama nataka kuwaua. Zigawe kwa siku saba, utapata 10 kwa siku, ambayo ni dozi ndogo ya kuanzia. Na wingi wa maji ni uleule. Dawa hii imekolezwa mara saba: insulini ya kawaida ina uniti 100 katika kila mililita, hii ina 700. Uniti 70 zake ni tone lilelile la uniti 10 za zamani.

Kwa sababu hiyohiyo, kalamu hii haifyonzwi kwa bomba la sindano. Kamwe. Bomba la kawaida lina alama za insulini ya 100. Ukivuta mpaka alama ya 20 ukidhani ni 20, umechoma 140. Nalisema hili nikiwaangalia nyinyi mnaojiandaa kwenda nyumbani Desemba na masanduku. Najua mapenzi yetu. Mtu anapata dawa nzuri hapa, mara moja anamfikiria mjomba wake Morogoro. Kalamu inafika, sindano zake ndogo zinaisha, na jirani mwenye huruma anachukua bomba na kuvuta. Mjomba anaanguka usiku na hakuna anayejua kwa nini, na insulini ile itaendelea kushuka vituoni siku nzima ya kesho, na keshokutwa, na mtondo. Halafu joto: kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande, ikifunguliwa inavumilia wiki 12, lakini isizidi nyuzi 30. Dar mwezi wa Januari ni nyuzi ngapi ndani ya nyumba ya bati? Ukitaka kumsaidia mjomba, mtumie pesa anunue insulini ileile aliyoandikiwa na daktari wake, asiikose hata mwezi mmoja, na mashine ya kupimia pamoja na vijiti vyake vinavyopatikana kwenye duka la dawa la huko. Huo ni msaada mkubwa kuliko kalamu yangu.

Je, inafanya kazi? Inafanya. Jaribio moja kubwa lilichapishwa mwaka 2023, la watu 984 wenye aina ya pili ambao hawakuwa wametumia insulini kabla. Nusu walipewa hii ya wiki, nusu ile ya kila siku iitwayo glajini. Wote walianza na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kile kiitwacho A1c, cha takriban asilimia 8.5. Baada ya mwaka, wa sindano ya wiki walikuwa 6.9, wa kila siku 7.1. Sukari kushuka vibaya ilitokea kidogo kwa pande zote, lakini kwa hii ya wiki ilitokea zaidi: mara 0.30 kwa mtu kwa mwaka dhidi ya 0.16. Maana yake, ukichukua watu kumi mwaka mzima, utapata matukio kama matatu upande huu, na kama moja na nusu upande ule. Ni machache. Lakini yapo, na mtu akikuambia hayapo, huyo anauza.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Insulini ya kila siku ni mgeni wa kupita: amekuja asubuhi, kesho asubuhi anaaga. Ukiona hali imebadilika, umeugua, huli, kesho unampunguza. Hii ya wiki ni mgeni aliyekuja na godoro lake. Hutamtoa Jumanne kwa sababu Jumanne umebadili mawazo. Na siku za jembe ni kweli zipo: hufanya kazi wiki nzima karibu sawasawa, ila nguvu yake huzidi kidogo kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kuchoma, na hatari ya sukari kushuka huwa kubwa zaidi siku hizo. Kwa hiyo kabla ya kumkaribisha, uijue wiki yako.

Lugha yetu imetusaidia, siku zenyewe zinajihesabu. Ukichoma Jumamosi, ya mosi, siku zako za jembe ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kama kazi yako ni ghalani, unabeba maboksi kuanzia Jumatatu alfajiri, ijue hiyo, kula kabla ya kuingia zamu, weka kitu cha sukari mfukoni. Anayefunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na daktari wake amemruhusu kufunga, nilikaa na karatasi nikamtafutia: akichoma Jumatano, siku za jembe ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Tofauti ya siku na siku si kama mlima na bonde, msinielewe vibaya. Lakini kama siku unaichagua mwenyewe, kwa nini usichague inayokufaa?

Ramadhani ni jambo zito zaidi. Kwa insulini ya kila siku, wengi tumezoea kumwona daktari wiki ya mwisho ya Shaabani, dozi inapunguzwa, tunaanza. Kwa hii usifanye hivyo. Dozi inayobadilishwa leo haionekani yote leo. Insulini ya wiki tatu zilizopita bado imo kwenye daladala. Nenda mapema, mwezi wa Rajabu. Mwambie daktari, nataka kufunga, nisaidie kupanga, au uniambie kama mimi ni katika wasiopaswa kufunga. Na mkiambiwa msifunge, ndugu zangu, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani, si ya daktari wa Kanada. Kutoboa kidole kupima hakuvunji saumu, masheikh wetu wameshalisema hili mara nyingi. Sukari kwenye mashine ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita), saumu inakatwa papo hapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi.

Wenzetu wa makanisa ya maombi, nyinyi mna mfungo wenu wa siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Mama mmoja kutoka Bukavu aliniambia mchungaji ametangaza mfungo Jumapili, unaanza Jumatatu. Alikuwa ameshachoma Jumamosi. Nilimpigia simu mchungaji mimi mwenyewe, kwa idhini yake mama. Mchungaji alikuwa muungwana sana, akampa zamu ya kuomba huku anakula. Nawashukuru wachungaji wa namna hiyo. Jumuiya nzima ikijua, mgonjwa habebi siri peke yake.

Na si mfungo tu. Ukiharisha na kutapika wiki nzima, huli, insulini haijui kwamba huli. Ukiitwa hospitali kusafishwa tumbo kwa ajili ya kipimo, au kufanyiwa upasuaji, taja insulini hii siku unayopewa miadi, si asubuhi ya kulazwa. Asubuhi ile hakuna wa kuirudisha.

Sukari ikishuka mnajua dalili: jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kupotea, mzee mpole kuanza kufoka. Pima. Ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au juisi ya kawaida kama theluthi mbili za kikombe. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula kitu. Hadi hapo ni yaleyale ya siku zote. Nyongeza ya dawa hii ni kwamba usirudi kulala ukasema yamekwisha. Pima tena baada ya saa moja, pima kabla ya kulala, na siku inayofuata pima zaidi ya kawaida yako, na mpigie simu muuguzi wako kabla ya sindano ya wiki ijayo. Mtu akizimia, msimtie kitu mdomoni. Pigeni 911.

Wenye kisukari cha aina ya kwanza, na wazazi wa watoto wenye aina hiyo, nasema nanyi peke yenu. Dawa hii ni ya watu wazima, si ya watoto. Na kwa watu wazima wa aina ya kwanza, jaribio lao lilionyesha sukari kushuka karibu mara mbili ya wale wa sindano ya kila siku: mara 19.9 kwa mtu kwa mwaka dhidi ya 10.4. Mei 2024 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura 7 kwa 4 kwamba kwa aina ya kwanza faida haizidi hatari, na Julai mamlaka yenyewe ikairudisha dawa kwa kampuni, ikihoji jambo hilo na utengenezaji wake. Ulaya imeipitisha, lakini imesema kwa aina ya kwanza itumike pale tu penye faida iliyo wazi. Mimi, kwa maoni yangu, mtu wa aina ya kwanza akiniuliza, namwambia asiwe na haraka. Insulini ya chakula bado ataichoma kila mlo, kwa hiyo atakuwa amepunguza sindano moja kati ya nne na amejiongezea hofu.

Hilo la chakula linawahusu wote. Hii ni insulini ya msingi, inashika sukari ya usiku na ya kati ya milo. Haiji mbio kupambana na sahani ya pilau. Kama daktari alikupa vidonge vya sukari vya metfomini, endelea navyo mpaka yeye akuambie uache. Insulini ya zamani ya kila siku ndiyo inayoachwa, na itolewe ndani ya nyumba, irudishwe duka la dawa. Mkono una mazoea. Kuna mtu aliichoma kalamu ya wiki siku mbili mfululizo kwa mazoea ya mkono tu, akalazwa siku tano.

Mwenye aina ya pili, ukisahau siku yako? Choma mara unapokumbuka. Kama siku tatu au pungufu zimepita, wiki ijayo rudi kwenye siku yako ya kawaida. Zikiwa zaidi ya tatu, siku uliyochoma ndiyo inakuwa siku yako mpya. Kati ya sindano na sindano pasipungue siku nne. Na usichome mbili kulipa deni.

Kuhusu bei sitasema namba, kila mtu na bima yake. Uliza duka la dawa kabla hujaibeba karatasi kwa furaha. Nyingine iko njiani pia, ya kampuni ya Lilly, iitwayo efsitora. Kwenye jaribio lao moja walitumia dozi nne tu zisizobadilika, kuanzia uniti 100, ili mgonjwa asihangaike na hesabu. Nikiiona mezani kwangu nitarudi kuwaambia.

Nimalize na bibi mmoja wa Mombasa, wa miaka 78, aliyenipa ruhusa nisimulie bila jina. Macho yake yamefifia, namba za kalamu hazioni. Anaishi na mwanawe, dereva wa malori makubwa, anayeondoka Jumapili usiku na kurudi Ijumaa. Kwa miaka mitatu sindano ya bibi ilichomwa na yeyote aliyepatikana: jirani, mjukuu akitoka shule, mara nyingine bibi mwenyewe kwa kuhesabu milio ya kalamu kwa kidole. Siku ambazo milio ilimpotea aliacha. Mwanawe alikuwa anampigia kutoka barabarani, "Mama, umechoma?", naye anajibu, "Nimechoma, baba", asimtie wasiwasi.

Mwaka jana daktari akamhamishia kwenye hii ya wiki. Sisi tulikuwa na mashaka: mzee, hali yake ya kula inabadilika, wiki nzima peke yake. Tukasema haianzi mpaka mambo mawili yawe tayari. Abandikwe kipima sukari cha mkononi, kile kinachotuma namba kwenye simu ya mwanawe na ya mjukuu, kikilia sukari ikishuka. Na majirani wawili wafundishwe juisi iko wapi. Siku ya kuchoma wakachagua Ijumaa baada ya swala ya isha, mwana akiwa nyumbani. Siku za jembe zikaangukia Jumapili mpaka Jumanne. Jumapili mwana yupo, Jumatatu na Jumanne mjukuu analala kwa bibi. Walilipanga wao wenyewe mezani, mimi nilikuwa nakunywa chai tu.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nikamuuliza sindano inaendeleaje. Akaniambia, "Mwanangu, sasa akipiga simu hatuulizani umechoma hujachoma. Tunazungumza."

Pale karibu na mlango wa jikoni nina meza. Nimeleta kalamu tupu za mazoezi na mto wa sponji wa kuchomea, na karatasi ya siku saba ambayo kila mtu ataandika wiki yake: siku za kazi, siku za mfungo, siku ambazo nyumbani kuna mtu. Waliokuja na miwani waivae. Waliokuja na watoto wao wawaite wakae nao. Mzee wangu wa mstari wa mbele, wewe uliyeniuliza mlangoni kama inauma, njoo uanze.